Uliza Kihenge Kwanza

Daftari lilikuwa la jalada la bluu, lile wanalotumia watoto wa shule ya msingi. Mama mmoja anayeuza mlenda mkavu na karanga katika soko la Sabasaba, hapa Dodoma, alilitoa chini ya gunia akanipa nilisome. Kurasa za mwanzo zilijaa wino mwekundu, sentensi moja imerudiwa mara arobaini: "Fedha zinanipenda, zinakuja kwangu kwa wingi." Ukiligeuza ukaanza kulisoma kutoka nyuma, mwandiko ni uleule lakini wino ni wa bluu: unga 18,000, kikoba 10,000, mtihani wa mtoto 15,000, jirani 7,000. Kila deni lina tarehe pembeni, na lililolipwa limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Orodha hiyo iliishia tarehe 19 Januari. Siku tuliyozungumza ilikuwa katikati ya Februari.

"Mbona huku nyuma umeacha kuandika, mama?"

"Kocha alituambia, mwanangu. Alisema ukiandika madeni unayaita. Ukikaa unahesabu kidogo ulichonacho, akili inazoea kidogo."

Semina ya kocha huyo ilichukua nusu siku na kiingilio kilikuwa shilingi 50,000. Alipouliza kama angeweza kulipa nusu, aliambiwa mbele ya watu kwamba swali lake ndiyo dalili ya fikra za uhaba. Basi akaenda kukopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, akalipa. Wiki tatu baadaye watu wawili walimfuata kudai, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya biashara hakuwa na uhakika kama mmoja wao alishamlipa au la. Alinieleza hayo kwa sauti ya chini, huku anapanga upya mafungu ya karanga ambayo tayari yalikuwa yamepangwa vizuri.

Nami ni kocha wa maisha. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii, na ninaipenda. Nimeona watu wakitoka kwenye mazungumzo ya saa moja na uamuzi walioukimbia kwa miaka. Ndiyo maana lile daftari liliniuma kuliko ambavyo lingemuuma mtu anayeidharau kazi yetu. Mama yule alikuwa na nidhamu ya hesabu ambayo wenye maduka ya vioo hawana, na mtu wa fani yangu alimlipisha fedha ili aiache.

Maneno haya, fikra za uhaba na kinyume chake, fikra za utele, yaani kuamini kwamba vipo vya kuwatosha wote, yana historia. Mmarekani Stephen Covey ndiye aliyeyapa umaarufu katika kitabu chake cha mwaka 1989. Alikuwa anawasema watu wanaoshindwa kugawana na wenzao sifa, madaraka, hata faida, wanaoumia ndugu au mfanyakazi mwenzao akifanikiwa, kwa kuamini kwamba alichopewa mwingine kimepungua kwao. Ni uchunguzi wa kweli. Kila aliyewahi kukaa ofisini anamjua mtu huyo. Sifa haina mizani. Bosi akimsifu mwenzako leo, hajazimaliza sifa za mwaka mzima. Kwa vitu vya aina hiyo, anayeona uhaba kweli anaona kisichokuwepo.

Unga ni habari nyingine. Ukimpa jirani kibaba, kwako kimepungua kibaba.

Hapo ndipo fani yetu ilipoteleza, na nadhani iliteleza kwa sababu ya mahali ilipokulia. Kazi ya ukocha wa maisha kama tunavyoijua ilikua Marekani katika miaka ya 1990. Thomas Leonard, mmoja wa waasisi wake, alitoka kwenye kazi ya kuwashauri watu kuhusu mipango ya fedha. Mwaka 1995 alianzisha shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, ambalo hadi leo linatoa ithibati kwa ngazi: saa 100 za kazi na wateja kwa ngazi ya kwanza, saa 500 kwa ya pili, saa 2,500 kwa ya juu. Mtu anayekwenda kwa mshauri wa mipango ya fedha tayari ana fedha za kupangiwa. Huyo ukimwambia "tatizo liko kwenye mtazamo wako", mara nyingi utakuwa umesema kweli. Ghala lake limejaa, moyo wake ndio haujatulia. Sentensi hiyohiyo ukiisafirisha mpaka kwa mtu ambaye ghala lake ni tupu kweli, inakuwa uongo. Wahenga walishasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ni msimu mmoja tu. Mtama na uwele vinavunwa kuanzia Mei. Kwa hiyo Januari, Februari na Machi ni miezi ambayo shamba ni la kijani na kihenge, ghala la nafaka la nyumbani, kinasikika mwangwi. Mkulima anafanya kazi nzito kuliko wakati wowote wa mwaka na anakula kidogo kuliko wakati wowote wa mwaka. Hata anayeishi mjini kwa biashara anaisikia miezi hiyo, kwa kuwa wateja wake wana ndugu vijijini na fedha zinaelekea huko. Mtu yuleyule ukimpima Februari na ukampima tena Julai unaweza kudhani umekutana na watu wawili.

Kuna watafiti waliolipima jambo hili, ingawa si hapa kwetu. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha matokeo ya kazi yao na wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Waliwapa wakulima majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa wamebanwa, kisha wakawapa tena baada ya mavuno, wakiwa na fedha mkononi. Wakulima walewale walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Maelezo yao ni kwamba ukosefu huikalia akili: mtu anayepiga hesabu ya mlo wa jioni tangu asubuhi, nafasi ya kufikiria mambo mengine inabanwa. Niseme pia kwamba uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa 2016 na kuwahusu watu wa kipato cha chini kabla na baada ya siku ya malipo, haukukuta tofauti hiyo. Kwangu mimi hilo haliondoi uzito wa habari ya miwa. Kusubiri malipo ya wiki mbili na kusubiri mavuno ya mwaka ni vipindi visivyolingana, na kusubiri kwetu hapa kunafanana zaidi na kule kwa wakulima wa miwa.

Sasa fikiria kocha anayekutana na mama wa karanga mwezi Februari, anamwona amebanwa, anahesabu kila senti, hathubutu kuamua jambo la miezi sita mbele, halafu anaandika kwenye karatasi yake: huyu ana fikra za uhaba. Ameona kweli dalili, ila chanzo amekisoma kinyume. Kihenge kimetangulia, fikra zimefuata. Dawa anayotoa, yaani kuacha kuhesabu, inamnyang'anya mtu kifaa pekee kilichokuwa kinamvusha mpaka Mei.

Lugha yetu ilishaliona hili zamani. Neno uhaba limetoka kwenye haba, na haba ndiyo ileile ya haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ni kipimo. Vinne vinafanya pishi. Waliotunga usemi ule hawakuogopa kuutaja uchache. Waliuchukua, wakautia kwenye chombo cha kupimia, wakaangalia umefika wapi.

Bibi yangu, mzaliwa wa Mvumi, alikuwa akitusimulia Mtunya, njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, kama alivyoisikia kwa wazazi wake. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walioingia Dodoma 1916 nao wakachukua. Kisha mvua ikakatika. Watu walikufa kwa maelfu, wengine wakatawanyika kutafuta chakula ugenini, na wapo ambao hawakurudi. Ninaitaja njaa hiyo kila ninaposikia mtu amesimama kwenye ukumbi wa mji huu anasema umaskini ni uamuzi. Aliyenyang'anywa mtama na ng'ombe na jeshi hakuamua.

Lakini bibi hakuishia kwenye vifo. Kilichomgusa zaidi, na kinachonigusa mimi katika kazi hii, ni namna watu walivyopanga maisha yao baada ya kujua kwamba njaa ipo na itarudi. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwenye zizi moja. Aliwagawa: watatu kwa shemeji yake ng'ambo ya korongo, wanne kwa rafiki wa mbali, wawili kwa jirani asiye na ng'ombe kabisa. Anayewatunza anakunywa maziwa na kutumia samadi, mwenye mali anabaki na mali yake. Ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, wa upande mwingine wanasalia. Na siku mwenye ng'ombe akiishiwa, anajua nyumba nyingi za kwenda kuhemea, na hatafika kama mgeni.

Huo ni utele, tena wa hali ya juu. Mtu amefungua mkono, ametoa kilicho kikubwa kwake, hana hofu kwamba jirani akinywa maziwa yeye amepungukiwa. Ila angalia ulivyosimama: kila ng'ombe anajulikana kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake, na kila mmoja yuko kwa nani. Ukarimu ule ulishikiliwa na kumbukumbu kali ya hesabu. Bibi aliweza kutaja ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja miaka sitini baada ya kuolewa. Ndiyo maana siwaelewi wenzangu wanaofundisha kwamba kuhesabu na kutoa ni mambo yanayopingana.

Utele nao usitukuzwe hivihivi. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi za zabibu hazina. Msimu ukifika wote wanakata kwa pamoja, tunda lenyewe halivumilii kusubiri, na wanunuzi wakiwa wachache bei inaporomoka mpaka mtu anaona uchungu kulipa vibarua. Huyo amezungukwa na wingi na usiku halali. Anachohitaji ni soko na chumba cha baridi.

Nirudi kwetu makocha, maana tunahubiri utele kuliko tunavyouishi.

Mji huu umekua haraka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia hapa, na Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Wakaja watumishi walioacha familia Dar es Salaam, wahitimu wasio na ajira, wafanyabiashara waliofuata watumishi. Watu wa namna hiyo wanahitaji mtu wa kuwasikiliza, na tuliojitokeza kuwasikiliza tumekuwa wengi. Hakuna ubaya. Ubaya ni yale ninayoyaona tukikutana wenyewe: mtu anaficha ukumbi anaotumia asije mwenzake akaupata kwa bei ileile, anakataa kumtaja kocha mwingine hata mteja akiomba, anafuta picha ya semina aliyoalikwa kwa kuwa mwenzake amepigiwa makofi zaidi. Huyo ndiye mtu hasa aliyesemwa na Covey. Na yeye ndiye kesho asubuhi anasimama kuwafundisha wauza karanga fikra za utele.

Kuna pia biashara ya makocha kuwafundisha makocha, inayouzwa kwa maneno hayahaya ya utele. Unaambiwa soko halina mwisho, lipa ada, pata cheti, nawe ufundishe kumi. Tupige hesabu. Mmoja akifundisha kumi, na kila mmoja wa hao akafundisha kumi, kufikia hatua ya sita wamefika milioni moja. Sensa ya 2022 ilikuta Jiji la Dodoma lina watu wapatao 765,000, pamoja na vichanga. Mwanafunzi anayeuliza wateja watatoka wapi anajibiwa kwamba ana fikra za uhaba, kama alivyojibiwa mama wa karanga alipoomba kulipa nusu. Nimeanza kuipima semina kwa kigezo hicho: je, swali la bei linajibiwa kwa bei, au linageuzwa kuwa ugonjwa wa aliyeuliza?

Ninalo langu la kukiri katika hili, na si dogo. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa na mteja, kijana aliyehamishiwa hapa kikazi. Usingizi hapati, chakula hagusi, sauti imekauka, anazungumza kuhusu maisha kana kwamba yamemalizika na yeye anasubiri tu kufunga mlango. Tangu kikao cha pili nilijua hili si la kwangu. Kocha anafanya kazi na mtu anayeweza kusimama akauliza aelekee wapi. Yule alikuwa anahitaji daktari. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe iko hapahapa mjini. Nikakaa naye vikao saba. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo nitamwambia, na kila wiki alilipa, na kodi ya chumba changu cha kazi ilikuwa inakaribia. Ndugu yake ndiye hatimaye aliyempeleka kutibiwa, na ninamshukuru Mungu kwamba hakuchelewa.

Nilikuwa na fikra za uhaba? Nilikuwa nazo. Nilimshika mteja kama mali. Lakini pia kodi ilikuwepo, kwa tarakimu, kwenye karatasi ya mwenye nyumba. Ningejirudia mbele ya kioo mara mia kwamba wateja ni wengi kama nyota, wiki ya nane ningemshika tena. Kilichonibadilisha ni kazi ya kufundisha siku mbili kwa wiki, ambayo ilinihakikishia kodi. Mwezi uliofuata nilimpa mteja mwingine rufaa katika kikao cha kwanza, na moyo haukunidunda.

Kutokana na hilo, makocha watano tumeanzisha kikoba chetu wenyewe. Kila mmoja anatoa 20,000 kwa mwezi. Mfuko una kazi moja: ukimwachia mteja kwa sababu anahitaji daktari, mwanasheria, mshauri wa ndoa, au kocha mwingine anayejua jambo hilo kuliko wewe, na ukabaki mikono mitupu, unapewa cha kukuvusha. Hatukuhitaji semina kulibuni. Ni ng'ombe wa bibi, wamegeuka shilingi.

Kwa mama wa karanga sikuwa na hekima kubwa ya kumpa. Nilimwuliza kihenge cha nyumbani Chamwino kina nini. Akajibu bila kufikiri: madebe mawili ya uwele na nusu ya mtama, na Mei iko mbali. Tukakaa kwenye gunia, tukafungua daftari upande wa nyuma, tukaanza kuzikumbuka zile wiki tatu, nani alichukua nini na nani alirudisha. Ilituchukua karibu saa nzima, wateja wakija anawahudumia na kurudi. Deni la kausha damu tuliliandika la kwanza, pamoja na riba yake, ili alione lilivyo. Mmoja wa wale wawili waliomdai tuligundua alishalipwa. Aliniuliza kama azichane kurasa nyekundu. Nikamwambia mama, daftari ni lako, na maneno mazuri hayajawahi kumdhuru mtu aliyejua deni lake ni kiasi gani. Hakuzichana.

Jumamosi iliyopita mwenzetu mmoja alikuwa wa kwanza kuchukua fedha za kikoba. Alimsindikiza mteja wake Mirembe siku ya Jumatatu, na wiki mbili zilizofuata hakuwa na mtu wa kumlipa. Tulimpa 150,000. Alizihesabu mezani mbele yetu, noti moja moja, akaandika kiasi na tarehe kwenye daftari la kikoba, akatia sahihi, akampa mweka hazina naye atie yake.